Niuze PS5 ninunue kompyuta? Nachapwa kila kona Warzone

kijana_wa_tabata

Wakuu, habari za usiku. Naomba majibu kabla ya Jumamosi, mteja anakuja na hela mkononi.

Nina PS5, mwaka na nusu sasa. Nacheza Warzone, lile gemu la kupigana risasi mtandaoni, karibu kila usiku nikishafunga duka (nauza vipuri vya bodaboda). Siyo bingwa ila siyo mzigo. Tatizo limeanza mwezi uliopita nilipoanza kucheza timu moja na binamu yangu mwenye kompyuta. Tunaingizwa uwanja mmoja na watu wa kompyuta, na huko nadundwa kama ngoma ya mdundiko. Nikichungulia kona, nimekufa. Nikiangalia marudio ya kifo changu, jamaa aliniona kitambo, akalenga, akafyatua, wakati kwenye skrini yangu hata kichwa sijamaliza kutoa.

Juzi nikaenda kwa binamu, nikachomeka padi (kidhibiti cha mkononi) yangu ileile ya PS5 kwenye kompyuta yake kwa waya. Raundi ya pili nikaua tisa. Tisa! Kwangu nikipata nne namwita shemeji aje ashuhudie.

Kompyuta yake ina kadi ya picha ya RTX 3060 na skrini ya hezi 144 (inabadilisha picha mara 144 kwa sekunde). Mimi nimeunga kwenye TV ya inchi 43 niliyonunua mtumba, intaneti ni faiba ila modemu iko sebuleni na mimi nacheza chumbani. Mteja anatoa milioni 1 na laki 2. Niuze?

Nawasilisha.

mpemba_mkaidi

Yakhe, uza. Kompyuta ni kompyuta. Unangoja nini?

fundi_waya

Mkuu, usiuze kitu hujapima. Ulipokwenda kwa binamu ulibadilisha mashine, skrini na mtandao kwa mpigo mmoja, halafu lawama zote umezirushia mashine. Ni sawa na mtu aliyebadilisha plagi, kabureta na mafuta siku moja, kisha anaapa kwamba plagi ndiyo ilikuwa mbovu. Wewe unauza vipuri, hili unalijua kuliko mimi.

Anza na TV. Mchezo ukienda fremu 60 kwa sekunde, picha mpya inakuja kila milisekunde 16.7. Ukienda 120, kila 8.3. Ukienda 144, kila 6.9. PS5 inaweza kutoa 120 kwenye Warzone, lakini TV ya hezi 60 itakuonyesha 60 tu. Na hiyo siyo sehemu mbaya. Sehemu mbaya ni kwamba TV nyingi zinaipokea picha, zinaikalia, zinanogesha rangi, zinalainisha mwendo, ndipo zinaonyesha. Kwa tamthilia hakuna shida. Kwa gemu, unabonyeza sasa na TV inakuonyesha baadaye, kama jirani mwenye redio anavyoshangilia goli la Simba wakati king'amuzi chako bado kinaonyesha kona inapigwa. Kuna TV ambazo ukiziacha hivyo zinachelewa zaidi ya milisekunde 100. Ingia kwenye menyu ya picha, tafuta hali ya gemu, iwashe. Kama haijawahi kuwashwa, umekuwa ukicheza na mawingu machoni.

Ukitaka ushahidi, chukua simu inayorekodi video ya polepole, fremu 240 kwa sekunde. Iweke ione kidole chako na TV kwa pamoja. Fyatua risasi. Kisha hesabu fremu kuanzia kidole kinapozama hadi moto unapotoka mdomoni mwa bunduki. Kila fremu moja ni milisekunde 4.2 hivi. Fanya mara kumi, chukua wastani.

Sasa mtandao. Kioo cha faiba kinapitisha mwanga kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dar hadi Frankfurt ni karibu kilomita 7,000 kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo kwenda na kurudi ni milisekunde 70 hata kama dunia nzima ingekuwa waya mmoja. Waya haujanyooka, unazunguka baharini, na njiani kuna vituo. Ndiyo maana seva za Ulaya, yaani kompyuta zinazoendesha mechi, zinakupa milisekunde 150 na zaidi. Hapo kompyuta na PS5 ni ndugu, hakuna wa kumcheka mwenzake. Na anayetokea konani kwa kasi anamwona aliyesimama kabla aliyesimama hajamwona, kwa sababu habari zake bado ziko njiani. Ndiyo maana marudio hayafanani na ulichokiona kwenye skrini yako. Punguza unachoweza: vuta waya kutoka kwenye modemu hadi chumbani. Wi-Fi kupitia kuta mbili inarukaruka, na pingi (huo muda wa kwenda na kurudi) inayorukaruka ni mbaya kuliko pingi kubwa iliyotulia.

Je, kompyuta bado ina nafuu? Ndiyo, nisikudanganye. Unashusha mapambo ya picha, fremu zinapanda, na mwisho wa mechi, uwanja ukibana na moshi ukijaa, hazianguki sana. Mwaka 2020 Warzone ilipotoka pengo lilikuwa la aibu: konsoli, yaani mashine za gemu kama PS5 yako, zilifungiwa upana wa kuona wa digrii 80, kompyuta ikaruhusiwa hadi 120. Mwenzako alikuwa anaona mlango na dirisha, wewe unaona mlango tu. Konsoli zilipata kirekebishi cha upana huo mwaka 2022. Ingia kwenye mipangilio uangalie yako iko ngapi, maana wengi hawajawahi kuigusa.

shangazi_wa_kona

Naandika kutoka Mombasa. Kakangu, hujambo. Fundi amesema vizuri ila ameruka padi.

Hao watu wa kompyuta unaowaogopa, wengi wao wanacheza na padi, kama ulivyofanya wewe kwa binamu. Kwenye Warzone padi inasaidiwa kulenga, alama inamshikilia adui kidogo anapopita. Karibu karibu, msaada huo humshinda mtu wa kipanya. Mbali, kipanya ndicho chenye raha. Watu wa kipanya wamelia miaka na miaka. Kwa Apex Legends, gemu jingine la risasi, walilia hadi Agosti 2024 msaada wa padi kwenye mechi za watu wa kompyuta ukapunguzwa, na mechi za konsoli tupu zikaachwa.

Mimi nacheza gemu la Siege kwa Xbox, konsoli nyingine, na huko hakuna msaada wa kulenga ukipambana na watu. Basi wajanja wakachomeka vifaa vya kudanganya konsoli kwamba kipanya ni padi. Tulipigwa hadi tukachoka. Mwaka 2023 wakaleta mtego wa kuwanasa: ukishikwa na kipanya cha wizi, vidole vyako vinacheleweshwa. Nilicheka siku hiyo hadi mume wangu akaja kuuliza kuna nini.

Wenye gemu la Valorant nao walipoileta konsoli 2024 waliamua moja: watu wa kompyuta kwao, wa konsoli kwao. Wewe ukicheza na binamu yako lazima uchanganywe. Ukicheza peke yako, ingia kwenye mipangilio, zima kuchanganywa na watu wa kompyuta uone kama utakufa vilevile. Utangoja mechi kwa muda mrefu, hiyo nakuambia mapema.

mpemba_mkaidi

Haya, mimi nilisema uza tu. Sikujua kuna darasa.

kijana_wa_tabata

Wakuu, narudi na mrejesho.

TV ilikuwa kwenye hali ya sinema. Mwaka na nusu. Nimepima kwa simu ya mdogo wangu: wastani wa fremu 41, yaani milisekunde 171 kutoka kidole hadi risasi. Nikawasha hali ya gemu, nikapima tena: fremu 24, milisekunde 100. Nilikaa kitandani nimeishika padi kama mtu aliyepewa habari za msiba.

Ijumaa binamu akaleta skrini yake kwenye bodaboda, imefungwa kwenye shuka. Tukaunga PS5 ileile, tukaweka 120. Fremu 14. Milisekunde 58! Binamu alinyamaza, akaomba tupime na kompyuta yake siku nyingine.

Upana wa kuona ulikuwa 80, nimeweka 105, zaidi ya hapo watu wanakuwa wadogo kama sisimizi. Waya wa mita 15 nimeupitisha juu ya dari. Pingi imebaki 160 na kitu ila haitetemeki tena.

Mteja alikuja Jumamosi nikamwambia ukweli, mashine haiuzwi. Akauliza kama TV inauzwa. Mke wangu akajibu kabla yangu kwamba hiyo inahamia sebuleni, tamthilia yake inaanza saa mbili. Kwa hiyo sasa natafuta skrini ya mtumba ya hezi 120 au zaidi, mwenye nayo anicheki.

Na shangazi, nilizima kuchanganywa kama ulivyosema. Nilingoja mechi hadi chai ikapoa. Nikaua sita, kisha nikauawa na mtu aliyejificha chooni.

shangazi_wa_kona

Wa chooni hana dawa, kakangu. Tupia bomu kwanza.