Nimelazimishwa kuandika kwa mkono wangu hukumu ya kifo ya kompyuta yangu, na tahajia nikasahihishiwa

Ndugu wanajamvi, ninaandika kwa simu kwa sababu kompyuta imebaki na skrini nyeusi yenye kistari kinachopepesa. Sina haja ya kumtambulisha aliyenifikisha hapa, maana kila mtu humu anamjua: ni apt, msimamizi wa programu katika Linux, jina lake lina herufi tatu, makazi yake ni terminali, lile dirisha la kuandikia amri, na ukimwomba jambo dogo hukujibu kwa orodha ndefu kuliko wosia wa tajiri mwenye wake wanne.

Nilichotaka ni programu ya kubadilisha majina ya picha, ambayo kifurushi chake ni kidogo kuliko picha moja kati ya hizo. Nilipokisakinisha kwa dpkg, msaidizi wa apt, nikaambiwa kwamba kinahitaji libc6, ile maktaba ya msingi ya mfumo, toleo la 2.34 au jipya zaidi, ilhali mfumo wangu una 2.31. Nikamwomba mheshimiwa apt arekebishe vitegemezi vilivyovunjika, yaani vitu ambavyo programu inavihitaji na haivipati, naye akarekebisha kwa kuiondoa programu yenyewe, kama tabibu anayetibu homa kwa kumfukuza mgonjwa. Nilipojaribu tena akanituhumu kwamba nimeshikilia vifurushi vilivyovunjika. Nimevishikilia wapi, wakati mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye kibodi?

Basi, baada ya marekebisho madogo ambayo hayana umuhimu katika malalamiko haya, akakubali kuendelea. Akamwaga majina ya vifurushi zaidi ya 300 atakavyoviondoa, yakapita mbio kama treni isiyosimama, kisha akanitaka niandike mwenyewe, herufi kwa herufi, sentensi ya Kiingereza yenye maana ya "Ndiyo, fanya ninavyosema!", pamoja na mkato wake na alama yake ya mshangao. Ninavyosema? Mimi nilikuwa nimesema nini, ikiwa muda wote huo msemaji ni yeye? Nikakosea herufi moja, akasitisha kazi nzima. Nikaanza upya. Hebu lifikirieni hilo: mtu anakuandalia barua ya kukiri kwamba umeibomoa nyumba yako mwenyewe, halafu anakurudishia kwa sababu ya tahajia!

Nikaandika. Na alama ya mshangao nikaiweka.

KistariKimoja: Pole sana, mkuu. Hata hivyo, ningependa kuyafahamu hayo marekebisho madogo ambayo hayana umuhimu.

Mlalamikaji: Niliongeza mstari mmoja tu kwenye orodha ya hazina za programu, kule apt anakochukua vifurushi.

KistariKimoja: Mstari wa hazina ya toleo lipi?

Mlalamikaji: La mfumo uliotoka miaka miwili baada ya wangu. Lakini mada hapa ni ile sentensi niliyolazimishwa kuiandika.

BibiKerneli: Mwanangu, glibc, ambayo ndiyo hiyo libc6, toleo lako la 2.31 ni la mwaka 2020 na lile la 2.35 la mfumo uliouchomeka ni la mwaka 2022, na karibu kila kitu katika mfumo wako kinaiegemea. Ukileta mpya kutoka hazina ya mfumo mwingine, vifurushi vilivyofungwa kwa matoleo ya zamani huanza kugombana nayo, na mheshimiwa hutafuta mpangilio wowote unaotimiza ombi lako, hata kama ni kuondoa eneo-kazi lote, yaani madirisha na aikoni zako zote. Debian, mradi wa Linux uliomzaa apt, wana ukurasa mzima unaowaonya watu wasichanganye matoleo kwa namna hiyo. Sentensi ile haitokei kwa mzaha. Katika apt ya mifumo ya umri wa wako, hutokea pale ambapo vifurushi vya msingi vinataka kuondolewa, na iliwekwa ndefu makusudi ili mkono uchoke kabla akili haijalala. Wako haukuchoka.

MchomaDiski: Nimecheka mpaka nimemwamsha paka. Mtu amekosea tahajia, amepewa nafasi ya pili ya kuokoka, naye akarudi kuandika kwa hati nzuri zaidi.

Mlalamikaji: Nilidhani ni utaratibu wa kawaida.

BibiKerneli: Siku nyingine tanguliza alama ya -s, uone atakalofanya kabla hajalifanya. Kwa sasa usijaribu kuishusha libc6, kwa sababu njia hiyo haiungwi mkono na huwa inamalizia kilichosalia. Washa kompyuta kwa kijiti cha USB, nakili folda ya /home yenye faili zako, kisha usakinishe upya.

SandukuLangu: Ndiyo maana mimi nilihamia AppImage, programu za faili moja, ambapo kila programu huja na mizigo yake yote na haiombi kitu kwa jirani.

MchomaDiski: Haiombi kitu, isipokuwa nyingi zinaomba libfuse2, maktaba ya kuzifungulia, ambayo mifumo mingi ya sasa haiji nayo. Niliwahi kubofya faili la namna hiyo mara kumi bila kuona hata dirisha la kosa, nikadhani panya wangu amekufa.

SandukuLangu: Hilo ni jambo la kifurushi kimoja tu, ndugu yangu.

KistariKimoja: Kila mtu hapa alianza na kifurushi kimoja tu.

Mlalamikaji: Naomba turudi kwenye ile alama ya mshangao.

NyokaMpole: Mnalalamikia mambo madogo. Mimi nimeandika pip install, amri ya kusakinisha maktaba za lugha ya Python, kama nilivyoandika miaka yote, nikajibiwa kwamba mazingira yangu ya Python yanasimamiwa na wengine. Yangu! Kwenye kompyuta niliyoinunua mimi!

BibiKerneli: Hiyo ni kanuni ya PEP 668 ya watu wa Python, na Debian 12 ya mwaka 2023 inaifuata. Inazuia pip isivuruge maktaba za Python ambazo mfumo wenyewe unazitegemea. Unda mazingira pepe, yaani folda ya pembeni yenye maktaba zake, ya mradi wako, na pip atakutii humo ndani.

NyokaMpole: Ahsante, bibi, ninaunda sasa hivi.

MchomaDiski: Tunasubiri.

NyokaMpole: Ninaambiwa kwamba kabla ya kuunda mazingira pepe ni lazima kwanza nisakinishe kifurushi cha python3-venv.