Dom Pérignon 2008 au Cristal 2008: nichukue ipi?

Mama Wawili: Wadau, habari zenu. Mwezi ujao mimi na mume wangu tunatimiza miaka 20 ya ndoa, na tumejibana tupate chupa moja ya shampeni ya maana, ya mavuno ya 2008. Nimebakiwa na mbili: Dom Pérignon na Cristal. Ni ya kunywa siku hiyohiyo, si ya kuweka. Nichukue ipi?

Kizibo: Hongera sana dada. Nimezionja zote mbili usiku mmoja, na kwa kunywa sasa nasema Dom Pérignon. Mwaka 2008 kule Champagne, Ufaransa, haukuwa na joto kali, zabibu ziliiva polepole na ukali wake ukabaki. Ndiyo maana watengenezaji wote wawili walitangulia kuuza ya 2009, ya 2008 ikaachwa ikomae. Dom Pérignon imeshaanza kufunguka: ukiinusa unakutana na moshi kwa mbali, lozi za kukaanga, ganda la ndimu. Cristal bado imejikunja. Niliiacha kwenye glasi karibu saa nzima ndipo likaja tufaha lililoiva, na chumvichumvi fulani mwishoni ambayo sijaisahau mpaka leo.

Pwani77: Naunga mkono, Dom Pérignon.

Binti Mizabibu: Mkuu Kizibo, hiyo saa nzima ndiyo raha yenyewe! Kama mtakaa mezani jioni yote, mimi nasema Cristal. Ila dada, usiivue ile karatasi yake ya njano mpaka siku yenyewe. Cristal ilianza mwaka 1876 kwa ajili ya Tsar Alexander II wa Urusi, katika chupa ya kioo angavu, na hadi leo chupa yake ni angavu. Mwanga huharibu shampeni haraka.

Kizibo: Hapo umenena. Na yoyote utakayochukua, isiwe baridi ya barafu. Nyuzi 10 hadi 12 zinatosha, baridi kali huua harufu. Tumia glasi ya mvinyo mweupe yenye tumbo, zile ndefu nyembamba hazikupi nafasi ya kunusa. Shika kizibo, zungusha chupa, kitoke kwa pumzi tu bila mlipuko.

Mama Wawili: Asanteni sana. Mume wangu hula taratibu na maongezi yetu hayaishi mapema, kwa hiyo nachukua Cristal. Glasi moja nitaiacha ikae hiyo saa nzima.