Mafundi, nani aliwadanganya kwamba paipu ya ritani kwenye gari la kabureta ni pambo?

Wakuu, leo mtanisamehe lugha, nimejaa.

Gari ni la kabureta (kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini), injini haina tatizo. Pampu ya mafuta ya zamani, ile inayosukumwa na kamshafti, ilichoka, nikapeleka gereji moja (jina naliacha) wanifungie ya umeme. Nilieleza vizuri kabisa: petroli itoke kwenye tenki, ipite kwenye filta, ifike kwenye kabureta, inayozidi irudi tenkini kwa paipu yake, ndiyo ritani. Nikakabidhiwa gari linalonuka petroli hadi kwenye viti, moshi mweusi, na ukilizima likiwa la moto haliwaki tena mpaka ukanyage mafuta hadi chini. Kufungua boneti, paipu ya ritani imekatwa, ikachomekwa bolti na kubanwa klipu!

Jibu la fundi: "Bosi, ritani ni ya magari ya EFI. Kabureta haina haja nayo."

(EFI ni mfumo wa injeksheni, unaopuliza petroli kwa presha bila kabureta.) Haina haja? Magari mengi ya Kijapani ya kabureta yalitoka kiwandani na pampu ya midomo mitatu: wa kunyonya, wa kupeleka, wa kurudisha. Huo wa tatu mnadhani waliuweka kwa sababu chuma kilibaki?

Kabureta za kawaida zinataka presha ya psi 3 hadi 7, nyingine chini ya hapo. Kinachozuia petroli isifurike ni kisindano kidogo kinachoinuliwa na floti (boya dogo ndani ya kabureta), basi. Sasa huyu bwana kanifungia pampu ya injeksheni, ya kusukuma psi 40 na zaidi, halafu mbele yake kaweka regyuleta (kifaa cha kupunguza presha) ya matundu mawili tu, kuingia na kutoka. Kilichozidi kiende wapi? Pampu inabaki inapigana na ukuta, inachemka, na presha ikipanda kidogo tu kisindano kinasalimu amri. Petroli inamwagika kwenye injini, inaosha mafuta kwenye kuta za silinda na kuteremka kwenye oili. Nimechomoa kijiti cha oili, kinanuka petroli. Hapo ndipo hasira zilipoanza rasmi.

Na joto nalo. Ukizima injini, petroli iliyokwama kwenye paipu juu ya injini inachemka na kutoa mvuke. Ritani ikiwa wazi, mvuke una njia ya kurudi tenkini. Ikizibwa, unasukuma petroli ndani ya kabureta.

Nikamrudishia. Akafanya nini? Kafunga regyuleta ya kurudisha, sawa, lakini ritani kaichomeka kwenye paipu ya kunyonya, kabla ya pampu! Yaani petroli ileile ya moto yenye mapovu inazunguka hapohapo bila kufika tenkini. Nilipomkatalia akaleta kipaipu chembamba kama mrija wa soda, ndio kiwe ritani. Geji ya presha ikakataa kushuka hata ulegeze skrubu ya regyuleta yote. Kwa nini? Kwa sababu njia ya kurudi ni finyu kuliko ya kuja! Ritani inatakiwa iwe na unene uleule wa paipu ya kupeleka au zaidi, iingie tenkini mbali na mdomo wa kunyonya, na tenki liwe na pa kupumulia.

Swichi ya kukata umeme wa pampu injini ikizimika ghafla, au presha ya oili ikipotea? Hakuna. Waya umetoka kwenye swichi ya ufunguo moja kwa moja, hata relei (swichi ya umeme inayobeba mzigo wa pampu) hakuweka. Ukigonga gari na ufunguo uko oni, pampu inaendelea kumwagia petroli injini ya moto. Hilo nimeliona mwenyewe kwa kufuatilia waya, yeye wala hakulitaja.

Pesa yote kachukua, na pampu ya zamani anasema "ilitupwa".

Fundi unayesoma hapa, na umeshawahi kuziba ritani ya mtu kwa bolti, naomba jibu bila matusi: petroli iliyozidi ulitaka iende wapi?