Mazoezi ya kasi juu ya baiskeli badala ya mbio: tupeane uzoefu

Assalaam alaykum ndugu zangu. Kwa miaka sita nilikuwa mtu wa mbio, nikitoka nyumbani Kiembesamaki kila baada ya sala ya alfajiri, mpaka goti langu la kulia likaanza kuvimba na kukaa kitako baina ya sijda mbili kukawa ni adhabu. Sikutaka kuacha mazoezi ya kasi, kwani ndiyo yaliyonipa pumzi, hivyo nikahamia kwenye baiskeli: katika barabara ya Fumba, kabla ya magari kuwa mengi, ninakanyaga kwa nguvu zote kwa sekunde 30, kisha dakika 4 za polepole, nikirudia mara nne hadi sita. Anayekimbia hutua kila hatua kwa kishindo kinachofikia mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili wake, ilhali uzito wa mpanda baiskeli sehemu kubwa umebebwa na kiti. Goti sasa halivimbi, ingawa bado linauma kidogo kwa mbele. Nani mwengine amepita njia hii?

Kutoka Wete:
Alaykum salaam. Huku Pemba hatuhitaji saa, maana vilima ndivyo vinavyotupimia. Baiskeli yangu ni ya chuma, haina gia, na upo mwinuko mmoja nje ya mji ambao hunichukua kiasi cha dakika moja na nusu kuupanda nikiwa nimesimama juu ya pedali. Nikishuka polepole huku nimeshika breki, hapo ndipo ninapopumzika. Nataka kuwatahadharisha na jambo moja. Siku moja nilipokuwa katikati ya mwinuko huo mnyororo uliruka, pedali ikakosa uzito ghafla, na kidevu changu kikagonga usukani hadi damu ikatoka. Fundi aliponionyesha meno ya nyuma yanayoshika mnyororo, yalikuwa yamelika na kuchongoka kama ya papa. Baiskeli ya kwendea sokoni huvumilia hali hiyo kwa miaka, lakini ya mazoezi haya haivumilii.

Kutoka Michenzani:
Mimi ni mama wa watoto wanne na baiskeli yangu ni ya mazoezi ya ndani, isiyotembea, imewekwa karibu na dirisha la ukumbini. Ninafuata mpango wa sekunde 20 za kasi na 10 za kupumzika, mara nane, yaani dakika 4 tu. Wengi huufahamu kwa jina la Tabata na hudhani ni wa kurukaruka, kumbe Izumi Tabata na wenzake wa Japani, katika utafiti waliouchapisha mwaka 1996, waliwapandisha watu wao juu ya baiskeli zisizotembea za kupimia nguvu. Siku ya kwanza sikufika mara ya sita. Nilishuka nikajilaza sakafuni, na binti yangu akaja mbio na kata ya maji akidhani nimezimia. Msishangae mapaja yakichoka kabla ya kifua, na mapigo ya moyo yakiwa chini kidogo kuliko ya mbio, kwa sababu baiskeli hutumia misuli michache zaidi.

Kutoka Chake Chake:
Wenye presha, sukari au maradhi ya moyo waonane na daktari kwanza. Na ewe kaka wa Kiembesamaki, maumivu ya mbele ya goti mara nyingi hutokana na kiti kilicho chini mno. Kaa kitini, weka kisigino juu ya pedali iliyofika chini kabisa: mguu unatakiwa unyooke, ili ukikanyagia sehemu ya mbele ya wayo goti libaki limepinda kidogo tu.

Mwenye mada:
Ahsante sana, ndugu yangu. Nimepima jioni hii mbele ya mlango, na kiti kimepanda kwa upana wa vidole vitatu. Kesho alfajiri nitakijaribu, kisha nitarudi hapa kueleza.