Mama ana miaka 68, kaandikiwa alendroneti, dawa ya udhaifu wa mifupa: aanze, au maziwa, dagaa na mazoezi vinatosha?

BintiPangani

Wakuu, habari za leo. Naomba mnisaidie kusoma vipimo hivi kabla hatujarudi kliniki.

Mama, miaka 68, kilo 49. Kipimo cha uimara wa mifupa, DXA (T ni alama ya kulinganisha na mfupa wa kijana; −2.5 kushuka chini ni udhaifu): nyonga T −2.6, uti wa mgongo T −3.2. Eksirei inaonyesha pingili ya T12 (ya mwisho ya kifua) imebonyea upande wa mbele, na kimo kimepungua sentimita 4. Hajawahi kuanguka kutoka juu wala kupata ajali. Figo zinachuja 61, kalsiamu ya damu iko kawaida, vitamini D ni 17 ng/ml. Anatumia omeprazoli kwa kiungulia. Ana gego moja limeoza.

Daktari kaandika alendroneti 70 mg mara moja kwa wiki, kalsiamu na vitamini D. Karatasi ya ndani ya boksi inataja taya kufa, mfupa wa paja kukatika na vidonda vya umio, na nyumbani wengine wanasema bora maziwa, dagaa na mlonge. Hatari hizo ni kubwa kiasi gani ukilinganisha na faida? Na kuna njia nyingine ya kweli?

Tabibu_wa_Mifupa

Kabla ya dawa, ulizeni pingili ilibonyea kwa sababu gani. Huku kwetu si kila pingili iliyobonyea ni ya uzee. Kifua kikuu cha uti wa mgongo hula pingili mbili zilizopakana pamoja na diski ya katikati, wakati udhaifu wa mifupa hubonyeza pingili na kuiacha diski na nafasi yake. Mailoma, saratani ya uboho, inaweza kufanana kabisa na udhaifu wa kawaida kwenye eksirei. Kwa hiyo vipimo hivi vya damu viwepo kwenye faili: FBP (hesabu ya chembe), ESR (dalili ya uvimbe mwilini), elektroforesisi ya protini (ya kutafuta mailoma), alkalini fosfatasi (kimeng'enya cha mifupa na ini) na TSH (tezi ya shingo). Akiwa na homa za jioni, anapungua uzito au maumivu yanamwamsha usiku, msianze chochote mpaka hilo lijibiwe.

Pia orodhesheni dawa zote anazomeza. Prednisoloni, dawa ya steroidi, kuanzia 5 mg kwa siku kwa miezi mitatu inakula mfupa. Dawa za kifafa kama fenitoini nazo zimo, na tenofovia ya TDF kwa wanaotumia ARV. Zile poda za "maumivu ya viungo" zisizo na lebo zitajeni pia, maana baadhi huchanganywa deksamethasoni, steroidi nyingine. Mgonjwa anajisikia mwepesi wiki mbili, huku mifupa inaliwa.

Sasa hesabu. Mama yetu ameshavunjika pingili, na hilo ndilo linalobadilisha kila kitu. Utafiti uliotoka mwaka 1996 ulichukua wanawake wa aina yake hasa, wenye pingili iliyokwisha kubonyea, wakafuatiliwa miaka 3. Waliopewa vidonge visivyo na dawa, 15 kati ya 100 walipata pingili mpya iliyobonyea; waliotumia alendroneti walikuwa 8. Nyonga zilizovunjika zilishuka kutoka 2.2 hadi 1.1 kwa kila 100. Watu hutangaza "inapunguza kwa nusu" na kuishia hapo, lakini nusu ya hatari kubwa na nusu ya hatari ndogo si kitu kimoja. Sehemu ya pili ya utafiti huo, kwa wanawake ambao hawajawahi kubonyea pingili, ilionyesha kwamba wenye T iliyo juu ya −2.5 hawakupata faida ya kuonekana katika mivunjiko inayompeleka mtu hospitali. Angekuwa mama wa miaka 56 mwenye T −1.8 na hajavunjika kitu, ningesema mazoezi, lishe, na kipimo tena baadaye. Huyu wenu hayuko huko.

Kuhusu paja: ni kweli lipo, na linaongezeka kadiri miaka ya kutumia dawa inavyozidi. Utafiti mkubwa wa Kalifornia uliochapishwa mwaka 2020 ulikadiria kwamba kwa kila wanawake weupe 10,000 waliotumia miaka 3, mivunjiko ya nyonga 149 ilizuiwa, na mivunjiko hii ya paja iliyotokana na dawa ilikuwa 2. Kwa wenye asili ya Asia ilikuwa 91 dhidi ya 8. Hatari hushuka haraka dawa ikisimamishwa. Dalili yake hutangulia: maumivu butu ya paja au kinena, wiki au miezi kadhaa, bila kuanguka. Akilalamika hivyo apigwe eksirei mapaja yote mawili, si lile linalouma tu.

Ndiyo maana kwa vidonge hatuandiki mpaka kufa. Tunapima upya baada ya miaka 5. Wengine hupumzishwa, aliyevunjika pingili mara nyingi huendelea zaidi, hadi 10.

Mfamasia_Zamu

Daktari kamaliza upande wa takwimu. Mimi naongeza pale dawa inapoharibikia, kwenye kikombe cha asubuhi.

Mwili hufyonza chini ya asilimia 1 ya kidonge hiki, na hicho kidogo hupotea ukikimeza na chai, maziwa, uji, juisi au maji ya madini. Hata kahawa nyeusi tupu haifai. Achague siku moja ya wiki. Akiamka, kabla ya kula chochote, ameze kidonge kizima na glasi nzima ya maji ya kawaida, mililita 200 au zaidi. Asikitafune wala kukimumunya. Kisha akae wima au atembee kwa nusu saa, asirudi kitandani, asile, asimeze dawa nyingine. Vidonda vya umio hutokea kidonge kikinata njiani, au kikirudi juu na asidi ya tumbo kwa sababu mtu alilala. Wengi ninaowasikia wakisema "dawa imenichoma" walikimeza na funda mbili za maji wakiwa kitandani.

Akisahau, ameze asubuhi inayofuata baada ya kukumbuka, kisha arudie siku yake ya kawaida. Asimeze viwili siku moja.

Kiungulia chake kinahitaji jibu kwanza. Kiungulia kilichotulia si kizuizi, lakini akiwa na chakula kinachokwama, umio uliosinyaa, au hawezi kukaa wima nusu saa, vidonge hapana. Na omeprazoli yenyewe inahusishwa na mivunjiko ikitumika miaka mingi. Ulizeni kama bado anaihitaji.

Kalsiamu: someni lebo vizuri. Kidonge cha kalsiamu kaboneti cha 1250 mg kina kalsiamu halisi 500 mg. Kaboneti inahitaji asidi ya tumbo, kwa hiyo ameze katikati ya chakula cha mchana, mbali kabisa na alendroneti. Kwa anayetumia omeprazoli kila siku, kalsiamu sitreti ni bora zaidi ikipatikana. Zaidi ya 500 mg kwa mkupuo mmoja haina maana, kwani ziada haifyonzwi vizuri.

Vitamini D ya 17 iko chini. Kwa kawaida hutolewa kapsuli ya IU 50,000 au 60,000 mara moja kwa wiki, wiki 8, halafu IU 800 hadi 1,000 kwa siku. Kapsuli ile kubwa si ya kila siku! Nimeona maandishi ya daktari yaliyosomwa vibaya mpaka kalsiamu ya damu ikapanda.

Meno_na_Taya

Gego ling'olewe kabla ya kuanza, fizi ifunge, ndipo kidonge cha kwanza. Fizi huhitaji kama wiki 3 hadi 4.

Taya kufa kwa dozi za mifupa hakufiki mtu 1 kati ya 1,000 katika makadirio mengi. Picha za kutisha zinazosambaa nyingi ni za wagonjwa wa saratani, wanaopewa dripu ya dawa za jamii hii kila wiki 3 au 4. Akishaanza asiache kwenda kwa daktari wa meno kwa woga, maana jino bovu lililoachwa ndilo chanzo kikubwa. Mfupa ukionekana wazi mdomoni na usifunikwe kwa wiki 8, hapo ndipo tunasema taya limekufa.

Kijana_wa_Asili

Kwa hiyo wakuu lishe haina kazi? Bibi zetu walikunywa supu ya mifupa na kula dagaa, hawakujua hizo alendroneti.

LisheNaMifupa

Ina kazi, ila kazi yake ni nyingine, ndugu yangu. Dawa huzuia seli zinazokula mfupa. Bila kalsiamu na protini, mfupa hauna cha kujengea. Lakini hakuna mlo uliowahi kuonyesha kwamba unapunguza pingili kubonyea kama takwimu alizotaja daktari hapo juu, kwa mtu aliyekwisha vunjika.

Lengo ni kalsiamu kama 1,200 mg kwa siku kutoka kila chanzo. Glasi ya maziwa au mtindi ya mililita 250 hutoa kama 300. Uji wa ulezi uliotiwa unga gramu 50 una kama 170, ingawa sehemu hushikwa na faiteti, kemikali ya nafaka; kuuchachusha unga husaidia. Dagaa ni hazina, mradi waliwe wazima na mifupa yao. Anayetoa vichwa na mifupa anatupa kalsiamu. Sukuma wiki inafyonzwa vizuri kuliko mchicha, kwani mchicha una okzaleti inayoishika kalsiamu yake mwenyewe.

Supu ya mifupa, samahani sana: kalsiamu yake ni kidogo mno, mfupa hauyeyuki sufuriani. Na mlonge, kijiko cha chai cha unga ni gramu 2 hadi 3, haifiki robo ya glasi ya maziwa. Aule kama mboga, si kama tiba.

Mama wa kilo 49 mimi ningeangalia protini kabla ya mlonge. Gramu 50 hadi 60 kwa siku: mayai, maharage, samaki, maziwa. Wembamba wenyewe ni hatari kwa nyonga. Ukitimiza glasi mbili za maziwa na dagaa, kidonge kimoja cha kalsiamu kinatosha, vitatu ni kutafuta choo kigumu na mawe ya figo.

Fizio_Pwani

Mazoezi yanazuia anguko, na nyonga nyingi huvunjika kwa kuanguka. Kwa pingili iliyobonyea kuna makatazo: hakuna kulala chali na kunyanyua kiwiliwili, hakuna kugusa vidole vya miguu, hakuna kuinama na kupinda mgongo ukiwa na mzigo. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, nayo hainuliwi kutoka chini. Achote nusu, kwenye madumu mawili madogo, moja kila mkono. Fagio la njiti lifungwe mpini mrefu.

Aanze hivi, siku 3 kwa wiki: kuinuka kitini bila kushika, mara 8, awamu mbili, kusimama kwa vidole akishika meza, mara 10, kusimama mguu mmoja karibu na ukuta, sekunde 10 kila upande, kulala kifudifudi na mto chini ya tumbo, kuinua kifua kidogo tu, mara 5. Yakiwa mepesi ongeza uzito, si idadi. Kuna utafiti wa Australia, LIFTMOR, ambapo wanawake walionyanyua vyuma vizito mara mbili kwa wiki kwa miezi 8 waliongeza uzito wa mfupa wa uti kwa kama asilimia 3, lakini mtaalamu alikuwa pembeni muda wote. Usimjaribishie mama uani.

Kwenye swala, kurukuu apinde nyonga mgongo ukiwa umenyooka, au aswali kitini mpaka maumivu yaishe. Na ondoeni kapeti linalokunjana pembeni, wekeni taa njia ya chooni.

BintiPangani

Nawashukuru sana. Mawili ya mwisho: akishindwa vidonge, kuna dripu ya mwaka na sindano ya miezi sita ya Prolia, ipi salama? Na Ramadhani itakuwaje?

Tabibu_wa_Mifupa

Kwa kiungulia chake ningeelekea dripu, asidi ya zoledroniki 5 mg mara moja kwa mwaka, isiyokimbizwa chini ya dakika 15. Vitamini D ipande kwanza, kreatinini (kipimo cha figo) irudiwe karibu na siku yenyewe, na uchujaji wa figo usiwe chini ya 35. Anywe glasi mbili za maji kabla. Takriban mtu 1 kati ya 3 hupata homa na mwili kuuma baada ya dripu ya kwanza, ndani ya siku 3, parasetamoli inatosha. Huku kwetu homa hiyo huitwa malaria upesi, basi apimwe kabla ya kupewa dawa. Angalieni pia chupa: ya 4 mg ni ya wagonjwa wa saratani.

Prolia, yaani denosumabu 60 mg, ni dawa nzuri yenye mtego. Ukiichelewesha kupita mwezi wa 7, mfupa huporomoka kwa kasi, na pingili kadhaa zinaweza kubonyea kwa pamoja. Haina likizo. Anayeiacha lazima apokelewe na dawa nyingine, kwa kawaida dripu hiyo ya zoledroniki, miezi 6 baada ya sindano ya mwisho. Kama huna uhakika wa fedha na upatikanaji kwa miaka, usianze. Inabaki na nafasi kwa wenye figo dhaifu, ila kwa walio kwenye dayalisisi hushusha kalsiamu vibaya na inataka uangalizi wa karibu.

Teriparatidi hujenga mfupa kweli: sindano ya kila siku, hadi miaka 2, halafu nayo lazima ifuatwe na dawa ya kulinda. Bei yake ndiyo huamua.

Mfamasia_Zamu

Denosumabu hukaa friji, 2 hadi 8 °C. Ikitoka, siku 14 tu chini ya 25 °C, joto ambalo Tanga au Mombasa hulipati mchana bila kiyoyozi. Msiinunue mkaisafirisha kwa basi kwenye mfuko wa plastiki.

Ramadhani ni rahisi. Magharibi ikiingia, tumbo liko tupu: afungue kwa maji matupu glasi nzima na kidonge, tende na uji vikae nusu saa, na yeye akae wima. Akipendelea daku, aamke mapema, ameze, asubiri nusu saa ndipo ale.