WRX yangu inanimaliza kwa mafuta hapa Mbeya na kuiuza sitaki, naombeni mbinu

Mtoto wa Uyole

Wakuu, habari za jioni. Shikamooni wakubwa, wadogo mambo vipi.

Nina Subaru Impreza WRX ya 2004, cc 2,000, turbo (kile kipulizio kinachoshindilia hewa kwenye injini), gia tano za mkono. Nimeinunua kwa mtu hapa hapa mjini na sijutii. Bodi imetulia, injini haivuji oili, na ukiikanyaga kipande cha Inyala kwenda Igurusi shemeji yenu anashika dashibodi kwa mikono miwili.

Shida ni wese. Naishi Uyole, kazini Mbalizi, kwa hiyo kila siku nakatiza mji mzima: Nane Nane, Kabwe, Mafiat, Iyunga, kisha teremko la Iwambi, nikiwa katikati ya malori ya Tunduma na huu ujenzi wa njia nne. Kwa hesabu zangu inanipa kilomita 6 kwa lita. Nikienda Iringa kwa wakwe inafika 8 hivi. Jamaa wa ofisini ana Golf GTI, nayo cc 2,000 na turbo, anadai safari ndefu anapata 12. Ama ananidanganya ama mimi ndiye sijui kuendesha.

Ili msiniulize moja moja: nimeikuta na rimu za inchi 18, kichujio cha hewa cha koni na ekzosi kubwa isiyo na masega (kile kisafisha moshi). Oili nawekewa 20W-50. Taa ya injini haiwaki. Na haichemshi hata siku moja, tena hapo ndipo ninapoipendea: nikipanda Mlima Nyoka nyuma ya lori, sindano ya joto inakaa chini kabisa, haisogei.

Kuna anayeniambia kwenye miteremko niweke nyutro. Mwingine anataka nifunge turbo kabisa ibaki gari ya kawaida. Asubuhi huwa naiacha iungurume robo saa kwa sababu ya baridi yetu, sijui nayo inachangia?

Msiniambie niuze ninunue Passo. Nawasilisha.

Jongwe la Kabwe

Uza, nunua Passo. Chenji inayobaki nunua bodaboda.

Mtoto wa Uyole

Nilijua tu 😂

Parachichi Rungwe

Mdogo wangu, achana na Jongwe, huyo hata baiskeli anaisukuma ili asichoke.

Mimi nina Forester ya turbo, injini yake ni ndugu wa damu na hiyo yako, na napanda na kushuka Tukuyu–Uyole na kreti za parachichi nyuma. Kwanza niambie hiyo 6 umeipataje. Kama unaweka ya elfu thelathini leo, ya elfu ishirini keshokutwa, halafu unaangalia taa ya mafuta imewaka lini, hapo hujapima kitu. Jaza tenki mpaka pampu ikate yenyewe, rudisha odometa ya safari kwenye sifuri, tembea mpaka ukaribie robo, rudi sheli ile ile, ikiwezekana pampu ile ile, jaza tena mpaka ikate. Kilomita gawanya kwa lita zilizoingia. Na kama hizo inchi 18 zimevishwa matairi yenye kimo kikubwa kuliko ya kiwandani, odometa inakuibia: gari imetembea zaidi ya inavyoandika. Huenda hali si mbaya kiasi hicho.

Halafu kuna mguu. Nikipanda kutoka Kiwira kuja Uyole, mbele naona Fuso la ndizi linatoa moshi kwenye kona. Wenzangu wanalikimbilia mpaka bampa, breki, gia ya pili, kisha wanachungulia na kukanyaga mpaka chini. Turbo inapiga filimbi, wanapita, na kona inayofuata kuna Fuso jingine. Mimi naachia mafuta tangu mbali, gari ikiwa ndani ya gia, naliacha litangulie, naenda na mwendo wake gia ya tatu bila kugusa breki. Barabara ikinyooka tayari nina mwendo, napita kwa kukanyaga kidogo tu. Na mvua yetu ya Tukuyu unaijua, kwa hiyo hata bila mafuta ningeendesha hivyo hivyo.

Kwenye foleni ya Mafiat fanya vivyo hivyo. Acha pengo, tambaa gia ya kwanza au ya pili. Bajaji zitaingia kwenye pengo, ziache ziingie.

FundiBoksa

Mkuu Mtoto wa Uyole, umeandika mengi lakini nimeganda kwenye mstari mmoja: "sindano ya joto inakaa chini kabisa". Hiyo si sifa. WRX nzima ikishapata joto sindano hukaa chini kidogo ya katikati na haitoki hapo. Ikibaki chini mpaka Mlima Nyoka, kwa uzoefu wangu kuna fundi aliyetoa thamostati (vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto) akaitupa ili "isichemshe". Ni ugonjwa wa mtaani huu, unaukuta kwenye magari mengi.

Madhara yake ni haya. Kompyuta inasoma joto la maji ili ijue imwage petroli kiasi gani. Injini ikiwa ya baridi inaongezewa petroli, kwa sababu petroli haigeuki mvuke vizuri kwenye chuma baridi. Thamostati ya Subaru hufunguka chini kidogo ya nyuzi 80. Ukiiondoa, maji yanapita kwenye rejeta tangu unapowasha, na kwa baridi ya Mbeya ya Juni na Julai injini inaweza isifike joto lake siku nzima. Kompyuta inadhani ndio kwanza kumekucha. Unaendesha asubuhi mpaka jioni.

Jaribu kesho ikiwa baridi. Washa, subiri dakika chache, gusa mpira wa juu wa rejeta na wa chini (vidole mbali na feni). Thamostati ikiwepo, wa chini unabaki baridi mpaka injini ishike joto. Yote miwili ikipanda joto polepole kwa pamoja, haipo, au imekwama wazi.

Turbo usiifunge. Mbeya tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa asilimia kama 15 ukilinganisha na Dar. Gari isiyo na turbo inachoka huku, yako inajazia lile pengo. Tena injini ya turbo hutengenezwa na mgandamizo mdogo kuliko ya kawaida, ukiifunga unabaki na cc 2,000 isiyo na nguvu na inakunywa vile vile.

Cha kujua ni lini turbo inakula. Ukienda taratibu, kompyuta inafuata sensa ya oksijeni na kuchanganya hewa 14.7 kwa petroli 1. Ukikanyaga sana turbo ikapuliza, inaachana na sensa na kuongeza petroli mpaka karibu 11 kwa 1, na sehemu kubwa ya nyongeza hiyo ni ya kupoza tu, isiyeyushe pistoni. Funga geji ya turbo, si ghali. Mshale ukiwa chini ya sifuri unaendesha gari ya kawaida. Ukivuka sifuri mara moja moja kupita lori, sawa. Ukiishi huko juu, usilalamike.

Mlimani usiing'ang'anie gia ya tano mguu ukiwa sakafuni, ndipo mafuta yanapomwagika na injini inaanza kugonga. Rudisha ya nne au ya tatu, kanyaga nusu. Watu wanaogopa mlio wa injini kuliko wanavyoogopa mguu wao wenyewe.

Kichujio cha koni: hicho cha kupaka oili, oili ikizidi inachafua sensa ya hewa na vipimo vyote vinapotea. Safisha sensa kwa dawa yake maalumu, usiiguse kwa kitambaa. Kama una kile cha boksi cha kiwandani kirudishe, kinavuta hewa ya baridi kutoka nje, koni inavuta joto la kwenye boneti. Oili weka 5W-30 au 5W-40. 20W-50 asubuhi ya Mbeya inatoka kama uji wa ulezi. Na hiyo robo saa ya kuunguruma acha, cc 2,000 kwenye sailensa (injini inaunguruma bila kukanyagwa) inachoma karibu lita moja kwa saa bila kwenda popote. Washa, nusu dakika, ondoka taratibu.

Kijana wa Ilula

Fundi kaongea vizuri ila hajajibu ya nyutro. Mimi kushuka Kitonga naweka nyutro mpaka Mahenge, injini inalala kwenye sailensa, mafuta hayaendi. Naona faida.

Mzee wa Fuso

Mwanangu wa Ilula, ukirudia kuandika hivyo hapa nitakutafuta kwenu nikuongee na baba yako.

Mimi barabara hii nimeila miaka, Dar mpaka Tunduma. Kitonga kona zimebanana, upande mmoja mwamba, upande wa pili korongo. Ukiweka nyutro gari yote inabebwa na breki peke yake. Breki zikishika moto unaanza kusikia harufu kama ya raba inayoungua, ukikanyaga pedali inashuka na gari haishiki. Na mbele yako kuna lori la shaba linalokwenda mwendo wa jongoo. Utakwenda wapi? Kitonga, Iwambi, Mlima Nyoka: shuka na gia. Sina la kuongeza.

FundiBoksa

Shikamoo Mzee. Umenisaidia nusu ya kazi.

Kijana, hata hesabu yako ya mafuta haisimami. Hayo unayosema yalikuwa ya magari ya kabureta. Injini ya nozeli (zile zinazopulizia petroli kwa amri ya kompyuta) ukiachia mafuta gari ikiwa ndani ya gia, kompyuta inafunga nozeli kabisa, inachoma sifuri, magurudumu ndiyo yanaizungusha injini. Ukiweka nyutro lazima impe petroli isizimike. Kwa hiyo Kitonga nzima wewe ndiye unayechoma.

Nakubali kitu kimoja: kwenye kiteremko kidogo sana, ambapo gia inakupunguza mwendo mpaka ulazimike kukanyaga tena, hesabu inaweza kugeuka. Lakini pale jibu ni kukanyaga kidogo kwenye gia ya tano. Faida yenyewe ni ya shilingi, na siku mbuzi akikatiza unataka gari iwe mkononi.

Kijana wa Ilula

Shikamoo Mzee, nimekuelewa. Fundi bado nina wasiwasi na wewe, nitapima.

Mnyalu wa Ipogolo

Kamwene wote.

Safari ya Iringa hamjaigusa. Huyo wa Golf siwezi kumwita mwongo, huenda anaenda 90 na wewe unaenda 120. Ukinzani wa hewa unapanda kwa mraba wa mwendo, maana yake kwa 120 hewa inakurudisha nyuma karibu mara 1.8 ya inavyofanya kwa 90. Na WRX yenye lile bawa la nyuma haikutengenezwa kupasua hewa kimya kimya.

Halafu unafika wapi? Chimala kuna 50, Igurusi 50, Igawa 50, na wenye tochi wanajua unakotokea. Ukienda 120 unafunga breki kila kijiji na kuanza upya. Mimi naenda 90, kibao cha 50 nikikiona naachia gia ya tano ishuke yenyewe. Kwa wakwe utachelewa kidogo, na hakuna mkwe aliyewahi kulalamika mkwilima kuchelewa kidogo.

Upepo wa matairi angalia asubuhi kabla hujatembea, fuata kibandiko cha mlangoni. Kwa kuwa hiyo inavuta magurudumu yote manne, matairi yawe saizi moja na yameisha sawa. Ukichanganya jipya na kipara, mfumo wa kugawa nguvu katikati unafanya kazi muda wote, na ukifa bei yake itakusahaulisha habari za mafuta.

Mtoto wa Uyole

Wakuu, ndaga fijo.

Fundi, nimeshika mipira asubuhi. Yote miwili inapanda kwa pamoja, polepole. Nikafungua: nyumba ya thamostati ipo, ndani tupu, wamebandika silikoni tu. Maji yenyewe ni ya bomba, yana rangi ya kutu.

Dada Parachichi, ulinipatia. Nimeangalia ubavuni, matairi ni makubwa kuliko ya kibandiko. Nimepata mtu wa Soweto ya hapa hapa Mbeya mwenye rimu za inchi 17 za kiwandani, tunapatana. Tenki nimejaza mpaka ikakata, napima kabla sijabadilisha chochote ili nijue kila kitu kimenipa nini.

Swali: dukani kuna thamostati ya bei ndogo na ya kampuni ambayo bei yake ni mara tatu. Kuna tofauti?

FundiBoksa

Chukua ya kampuni. Hizo ndogo zina kiwambo kidogo, nyingine zinafunguka zinavyojisikia, na injini ya boksa (yenye silinda zilizolala, kama yako) ikichemka gasketi za silinda ndizo zinazoondoka.

Mwaga hayo maji ya bomba yote, suuza mpaka yatoke meupe, weka kulanti (maji maalumu ya kupozea injini). Sasa sikiliza: Subaru inapenda kubaki na hewa ndani. Jaza polepole, inua pua ya gari kwenye mwinuko, fungua kile kizibo cha hewa juu ya rejeta, hita weka moto wa mwisho, iache iungurume mpaka mapovu yaishe na feni iwake mara mbili. Siku mbili za mwanzo angalia maji kila asubuhi. Na sindano ikipanda karibu na katikati usinipigie kelele kwamba gari imeanza kuchemsha, hapo ndipo inapotakiwa kukaa.

Parachichi Rungwe

Anza na thamostati peke yake, pima tenki moja, ndipo uweke rimu. Ukibadilisha vyote Jumamosi moja utarudi hapa kuuliza kipi kimesaidia. Na hiyo tenki ya kupimia usimwazime shemeji gari.