Mrejesho: Bima ya maisha kwa anayeishi na VVU, Tanga

Wakuu, habari za masiku. Ni yule wa Ngamiani niliyeuliza kama mtu anayetumia ARV anaweza kukata bima ya maisha, wanangu wasije wakahangaika. Asanteni wote, hata mlionitania.

Kampuni ya kwanza ilinigomea palepale. Binti wa kaunta alikuwa mpole kweli, lakini fomu ina swali la VVU. Nilipoweka tiki kwenye "ndiyo" akaigeuza kifudifudi. Kuna aliyenishauri nijaze "hapana". Hiyo sikuifuata, nanyi msiifuate: ukificha, siku ya madai wanafukua mafaili na familia inaambulia patupu.

Kilichofanya kazi ni ushauri wa dada mmoja: pitia bima ya kikundi. Saccos yetu ina mkataba wa pamoja, na chini ya kiwango fulani cha fidia hakuna kupimwa wala kuulizwa afya. Nimeingia, wanangu nimewaandika kuwa wanufaika. Ila fidia haifiki hata nusu ya niliyotaka, na nikitoka Saccos ndiyo basi.

Ile binafsi bado naisukuma kupitia wakala. Kanituma CTC, yaani kliniki ya huduma na matibabu ya VVU, nichukue barua ya daktari yenye tarehe ya kuanza dawa na majibu ya karibuni ya wingi wa virusi. Yangu ni chini ya nakala 50 kwa mililita ya damu, yaani dawa zimevidhibiti virusi vizuri. Kampuni nyingine imekubali kuliangalia faili, ingawa wamedokeza ada itakuwa juu. Wakitaja bei nitaileta hapa.